Kitambaa Juu ya Mashine ya Oksijeni

Nilipomwambia mama nakwenda kusomea ufundi wa mashine za hospitali, alininunia. "Mtoto wa kike na bisibisi, wapi na wapi!" Nikarudi Pemba na cheti, mwanamke wa kwanza hapa kwetu kuifanya kazi hiyo. Alinipikia pilau, lakini cheti hakukitazama. Iliniuma, sikufichi.

Asubuhi moja nilikuwa Wingwi natengeneza friji ya chanjo, simu ikalia. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Mashine ya oksijeni imezima, na kuna kitoto njiti, cha kike, kinapumulia mtungi wa akiba. Mtungi wenyewe unakwisha.

Nikafika na vumbi la njia mpaka kwenye kope. Daktari mgeni akachungulia nyuma yangu. "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye huyu unayemkanyaga mguu," nikamjibu.

Mashine nikaikuta imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha kufuma, kizito, maua mekundu kila pembe, kama tufunikavyo redio na televisheni majumbani. Lahaula! Mashine ile huvuta hewa ya chumbani ndipo itoe oksijeni. Ukiifunika, umeiziba pua, nayo hupata moto na kuzima.

"Nani kaleta uchafu huu?" nikafoka, nikakivuta. Kisha nikakitazama vizuri. Maua yale nayajua. Yamo kwenye foronya za kwetu, yalikuwamo kwenye nguo zangu zote za Idi.

Muuguzi akasema taratibu, "Kuna bibi mmoja alikuja kumtazama mgonjwa. Akauliza ni ipi mashine uliyoifunga wewe. Mara ya pili akaja nacho, akaivika mwenyewe. Tukaona vibaya kumvunja moyo."

Sikuwa na wasaa wa kulia. Sponji ya kuchujia hewa ilijaa nyuzi nyekundu. Nikaitoa, nikatia mpya, nikaipepea mashine kwa jalada la faili ipoe. Mshale wa mtungi ulishagusa chini. Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Taa nyekundu. Nyekundu bado. Halafu kijani.

Tukamwekea mtoto mpira wake wa hewa puani. Midomo iliyokuwa ya buluu ikarudi rangi kidogo kidogo, akatoa kilio chembamba. Daktari akanigeukia, "Hongera, fundi." Wallahi, siku ile nilitembea kifua mbele, na sioni haya kusema.

Jioni nikampelekea mama kitambaa chake, nikamweleza yaliyotokea yote. Alishika mdomo. Akauliza mara tatu kama mtoto yu mzima. Nikamwambia mzima, ananyonya.

"Sasa mama, kilikuwa cha nini? Vumbi?"

"Vumbi wapi," akasema, huku akikikunja ili asinitazame. "Nilitaka kila aingiaye ajue mashine ile ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanangu."

Kitambaa hicho leo kinafunika sanduku langu la zana.