Mgonjwa wa Greyville

Kwetu mama haambiwi kwa simu kwamba mwanawe amekufa. Unamwambia anaumwa, aje haraka. Akifika anakuta wanawake wamekwisha kaa chini kwenye mikeka wakimsubiri, maana mtu akipokea habari ile miguu inamkimbia, na lazima pawe na mikono ya kumdaka. Mila za kwetu nimezibishia nyingi, na nimegombana na wajomba kwa ajili hiyo, lakini hiyo sijawahi kuibishia.

Kwa hiyo mdogo wangu alipogongwa na taxi Queensburgh, huku Durban, akitoka kazini, akafia palepale barabarani, sikumpigia mama. Nilimpigia baba mdogo. Baba mdogo alilia, akapenga kamasi, kisha akaniuliza maiti inakuja lini. Nikamwambia isije.

Wilaya yetu kule kando ya ziwa ilikuwa imeingiwa na ule ugonjwa wa homa na kutoka damu, na serikali ilikuwa imepiga marufuku matanga. Ukifa kwa lolote, hata kwa uzee, wanakuja watu wa afya wamevaa meupe toka utosini hadi nyayoni, wanakufunga, wanakuzika wao, na ndugu wawili watatu wanatazama kwa mbali. Mdogo wangu azikwe hivyo, kama mzigo? Tukakubaliana na baba mdogo kwamba mama ndiye aje Durban, amwone mwanawe uso, amzike kwa watu na kwa nyimbo. Baba mdogo akamwambia mama kwamba kijana anaumwa, aende akamuuguze. Mama akafunga migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, na mizizi yake ya dawa, akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani.

Sisi tulijiona tumemaliza. Kumbe tulikuwa tumemtengenezea mama mgonjwa ambaye hayupo, na tumemtuma avuke naye mpaka.

Nilikwenda kumpokea na rafiki wa mdogo wangu, kijana wa Burundi waliyekuwa wakilala naye chumba kimoja katika fleti yangu, hapo Greyville. Walipatana mno. Yeye alisema Kirundi, mdogo wangu alisema Kiha chetu, na lugha hizo ni mtu na pacha wake, mpaka nikiwa jikoni nilikuwa sijui nani anaongea. Tukasimama pale wanapotokea abiria mpaka wote wakaisha. Mama hakutoka.

Watu wa afya wa uwanja wa ndege walikuwa wakiwahoji wote waliotoka pande zetu. Walimwazima mfanyakazi mmoja Mkongomani awe mkalimani. Wakamuuliza mama kama amehudhuria mazishi yoyote karibuni. Jamani, mama yangu! Alijibu kwamba hajakosa hata moja mpaka walipoyapiga marufuku, maana kwetu kukosa mazishi ya jirani ni tusi. Wakamuuliza kama kuna mtu wake anayeumwa. Akajibu ndiyo, mwanangu, yuko hapahapa Durban, amezidiwa, ndiyo maana nimekuja. Basi. Wakamvika barakoa, migebuka ikatupwa, na mama akapelekwa hospitali kutengwa kwenye chumba cha peke yake.

Kesho yake asubuhi wakaja Greyville kumtafuta mgonjwa.

Walikuwa watatu, wamevaa meupe yaleyale niliyoyakimbia kwetu. Majirani walitoka kwenye varanda na simu zao mkononi. Walitaka kujua mgonjwa yuko wapi. Yule kijana wa Burundi akasimama mlangoni akawaambia mgonjwa haiko, iko mochwari. Nusura nimzabe kibao, ingawa alisema kweli tupu. Wale watu walirudi nyuma hatua. Mtu akigongwa na gari haya, lakini mtu wa pande zetu unayemtafuta kwa homa, ukaambiwa yuko mochwari, hilo ni janga.

Walipiga simu huku na huko mpaka wakathibitisha kwamba ni gari kweli. Lakini kabla ya kuthibitisha walikwisha nyunyiza chumba chake chote dawa. Walinyunyiza viatu vyake. Walichukua shuka zake, ambazo nilikuwa sijazifua makusudi. Nililia siku ile kuliko siku niliyomtambua mochwari, na mmoja wao akasimama pembeni akisema sorry, sorry, mama, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe.

Mchana akanipigia ofisa wa ubalozi wetu kutoka Pretoria. Serikali ya huku ilimwarifu kwamba raia wetu mmoja ametengwa na mwingine ni mgonjwa Durban. Ya nyumbani nayo ilitaka kujua huyo mgonjwa anaendeleaje. Nilimweleza yote. Nikamwambia aandike kwamba amekufa, tena kwa gari, ila mama asiambiwe. Nikadhani atanisomea kanuni.

“Mle ndani mama yuko na nani?” akauliza.

Nikamwambia yuko peke yake, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa.

“Basi asiambiwe,” akasema. Ni yeye aliyenihangaikia ruhusa ya kumwona mama kwa nje ya kioo.

Lakini maneno yalikwisha vuka mipaka bila kupimwa joto. Baba mdogo alinipigia akinong’ona kama mwizi, akiuliza kama kweli kijana alikufa kwa ugonjwa ule na mimi namficha. Kwenye kundi letu la simu walisema mdogo wangu ametoroka hospitali. Mwingine akaapa amemwona Westville, anatembea kwa miguu yake mwenyewe, amevaa ile jaketi yake ya bluu. Nilicheka, maana Westville, mtaa wa wenye magari, nani anatembea kwa miguu. Kisha nikajikuta nimesimama dirishani natazama chini barabarani, na nilisimama pale muda mrefu.

Hospitali, mama aliketi upande wa pili wa kioo, mdogo kuliko nilivyomwacha, na tuliongea kwa simu ya ukutani. Alikuwa haniulizi habari zangu. Alikuwa ananiuliza mwanawe ameamkaje. Nikamwambia amekunywa uji. Siku iliyofuata nikamwambia amekula wali kidogo. Siku nyingine nikasema ameketi mwenyewe na anaulizia migebuka. Sijui ulimi wangu ulitoa wapi mambo yale. Alipona vizuri sana katika maneno yangu, jamani, alinenepa. Nikirudi Greyville nilikuwa naweka sahani tatu mezani, na yule kijana wa Burundi aliiondoa moja akairudisha kabatini.

Kisha mama akagoma. Daktari, mama mmoja wa Kihindi mpole, alitaka kurudia kipimo cha damu ili aweze kumwachia, na mama akaficha mikono chini ya khanga. Alisema hatatoa hata tone mpaka asikie sauti ya mwanawe. Mgonjwa anayekula wali, alisema, anashindwaje kushika simu?

Daktari akaniita kando. Alinieleza kwamba ameheshimu desturi yetu kadiri alivyoweza, lakini yeye hawezi kumdanganya mgonjwa wake, na mama akimuuliza kesho asubuhi atamwambia ukweli. Nikamwomba asimwambie mle ndani. Nilimwambia kwamba haupingwi ukweli, kinachotafutwa ni mikono tu ya kumdaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na huruma, na huruma yake haikunisaidia kitu.

Nikarudi nyumbani nikamwambia yule kijana: wewe ndiye utakayezungumza naye.

Alikataa. Alisema dada, hiyo ni dhambi, ni kuchezea mufu. Nilimjia juu. Nilimwuliza ni nani aliyekula chakula cha mdogo wangu miaka yote ile, na sasa anajifanya mchungaji wa kanisa. Mwisho akakubali. Tukapanga asizidishe maneno, sauti iwe ya chini, ya mtu aliyetoka kuumwa, na Kirundi chake akiegemeze kwenye Kiha.

Asubuhi nilisimama kwenye kioo mapema kuliko daktari. Simu ndogo ya mama, aliyokuja nayo toka nyumbani, ikaita. Niliona akiinuka kitandani kana kwamba mgeni ameingia. Akaiweka sikioni kwa mikono miwili. Sikuwa nasikia kitu, naona tu midomo. Aliongea. Akanyamaza, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akaongea tena. Mara akacheka, mama yangu, akajifunika mdomo kwa upindo wa khanga kama anavyocheka nyumbani. Akasikiliza tena kwa muda mrefu, macho yamefumba, na mwisho akainua mkono wa kulia hewani, ule mkono anaotubariki nao tukisafiri, akausimamisha pale. Kisha akaweka simu chini na kumnyooshea nesi mkono wa sindano.

Nilirudi Greyville mbio. Umeme ulikuwa umekatika, korido nzima ya fleti kiza. Nilimshika yule kijana mabega nikamshukuru, nikamwambia umefanya kazi ya mwanamume, mama amecheka. Alinitazama, akainamisha kichwa. Nikajua ni ile aibu ya dhambi yake, nikamwacha.

Majibu yalitoka safi na siku zake za kutengwa zikaisha. Nilimleta mama mwenyewe. Wanawake wetu walikuwa wamejaa sebuleni, Watanzania, Warundi na Wakongo, viti vimetolewa nje, wote chini. Mama alisimama mlangoni akawatazama. Miguu ikamkimbia, na mikono ikawa pale, mingi, ikamdaka kabla magoti hayajagusa sakafu. Nilisema moyoni, Mungu, ahsante. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakipigania, na nilikipata.

Tulimzika Jumamosi. Mama alimwona uso, akamrekebisha kola ya shati. Watu walikuwa wengi na waliimba kwa lugha zote.

Tulipotoka makaburini, watu wakinawa mikono, mama alikaa karibu nami, sauti imemwisha kwa kulia. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua ataniuliza ni nani aliyemjibu kwenye simu, maana sasa alijua siku aliyokufa mwanawe, na mama yangu si mjinga. Nilipiga moyo konde nikaanza mwenyewe. Nikamwambia mama, kuhusu ile simu.

“Usinieleze,” akasema. “Alinieleza yeye. Alisema mama, siumwi tena popote.”

Nikainuka nikaenda kwa yule kijana, aliyekuwa akimimina maji kwa jagi, nikamvuta kando. Nilimwambia lile neno lilikuwa zuri, la kusema haumwi popote, na kwamba hatukulipanga lakini namshukuru. Akalikumbatia jagi kifuani.

“Dada,” akasema, “mimi nilisema naam, mama, mara moja tu. Hapohapo simu ikazimika. Umeme haukuwako toka usiku, iko betri sufuri. Sikupiga tena.”

Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akasema nilimkuta na shukrani mdomoni, akaogopa. Nyuma yetu mama alikuwa anawaambia wale wanawake jinsi mwanawe alivyomchekesha kwenye simu, na wao wanaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama. Nikampokea yule kijana jagi, nikaendelea kuwamiminia watu maji.