Kinu Nilichokiazima Kigwena

Siku yangu ya kwanza kazini Mkurugenzi aliniuliza kama najua kuigiza. Nikasema sijui. Kuimba? Sijui. Kucheza ngoma? Nikatikisa kichwa, nikaanza kukusanya vyeti vyangu mezani nikijua safari imeishia hapo.

"Kaa," akasema. "Waigizaji niko nao, kila siku wananipigia kelele. Niko natafuta mutu mumoja tu wa kujua viti viko wapi."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya maigizo, hapa Rumonge, mji wa ukingoni mwa ziwa kusini mwa Bujumbura, katika kituo kidogo cha utamaduni chenye ukumbi mmoja, ofisi mbili na bati lililovuja juu ya kiti changu. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nilikozaliwa na kusomea katika kambi ya wakimbizi, na cheti changu cha sekondari hapakuwa na mtu aliyejua akiweke wapi. Ninyi vijana mnaosomea usimamizi wa sanaa na kupewa diploma, msidhani nasema hivi kwa wivu. Haya, wivu kidogo upo.

Cheo changu kiliitwa rejiseri, yaani mtu anayeshughulikia kila kitu isipokuwa kuigiza. Ndiye anayeshika kondwiti, karatasi inayosema nani anaingia lini na ameshika nini mkononi. Ndiye anayetangulia kilimani, ndivyo tunavyoita kijiji, siku mbili kabla ya mchezo, akamwona mkuu wa kilima, akatafuta uwanja ambao jua halitawapiga watazamaji usoni, na akaandika majina ya watu wa pale, ili mlevi wa mchezo wetu asije akaitwa jina la jirani wa mtu. Hayo yote alinifundisha Mkurugenzi, mwalimu wa zamani, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuzisahau. Chuo changu kilikuwa kiti cha nyuma cha pikipiki yake, na mpaka leo namshukuru kwa kila shimo la barabara ile.

Kundi letu lilikuwa na watu saba na halikuwa na vifaa. Mkurugenzi alitaka hivyo. Meza, jembe, sufuria, vyote tuliviazima palepale tulipocheza, kwa sababu watu wakiona jembe la jirani yao mkononi mwa mwigizaji wanajua hadithi inawahusu. Kule Gitaza niliwahi kuazima kapu la ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchezo ukaanza paka wakiwa wengi kuliko watu. Vitu hivyo niliviandika kwenye fishi, orodha ya vifaa yenye sehemu tatu: kifaa, mwenyewe, na saa ya kukirudisha. Nilizionea fahari sana fishi zangu. Hakuna hata kijiko kilichowahi kupotea.

Mwaka wangu wa tatu tulikwenda kilima cha Kigwena na mchezo juu ya ugomvi wa mashamba. Mtu wa ukingo huu wa ziwa hahitaji maelezo marefu. Watu walikimbia vita, wengine wakawekwa na serikali kwenye nyumba na michikichi iliyoachwa, kisha waliokimbia wakarudi. Kila upande ulikuwa na machungu yake, na mimi nilikuwa mtoto wa waliokimbia. Nilijua kwamba nikikosea hata kidogo, watasema nimekosea makusudi.

Tulihitaji kinu. Mjane aliyekaa karibu na uwanja, nitamwita Mama Yuditi kwa kuwa hataki jina lake lionekane, alinitolea chake mwenyewe, akakifuta vumbi kwa kitenge.

"Murakoze, asante kunikumbuka," akasema. "Hapa hakuna mutu anakuja kuazima kwangu."

Kilikuwa kinu kizito, cha zamani, na kwenye ukingo kilichongwa alama tatu kwa kisu. Niliziona. Nikahisi kinu hiki kimeanza kutwanga kabla mama huyu hajafika hapa. Swali lilinijia mpaka mdomoni nikalimeza, kwa sababu kinu kilipendeza na muda ulikuwa unakwenda. Nikaandika: kinu, Mama Yuditi, saa kumi na moja.

Sehemu ya kwanza ya mchezo haikuisha. Mzee mmoja, aliyerudi kutoka Tanzania msimu uleule, alisimama katikati ya watu akanyoosha fimbo.

"Kile kinu ni cha mama yangu. Zile alama ni sisi, watoto wake watatu. Nani amekileta hapa?"

Waigizaji wakaacha kucheza. Upande mmoja wa duara watu wakainuka, upande wa pili wakaanza kelele. Mama Yuditi alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye mkeka niliomtandikia mimi mwenyewe kwa shukrani. Mtu akamwita mwizi. Mwingine akaninyooshea kidole. "Na huyu naye katoka Tanzania! Walipanga!"

Sheria ya kwanza ya rejiseri ni kutokuonekana uwanjani mchezo ukiwa unaendelea. Mkurugenzi akaniinamia sikioni.

"Ingia. Wewe ndiye uliazima. Usiigize, sema tu."

Niliingia katikati ya duara. Nikasema mama huyu amenipa kinu kwa wema. Nikasema niliziona zile alama na sikuuliza, na kosa ni langu. Nikamwomba radhi mbele ya wote.

Mama Yuditi akasimama. "Nilikikuta ndani ya nyumba," akasema. "Siku walituleta hapa na mume wangu, mulango ulikuwa wazi, kinu kiko jikoni. Nimetwangia watoto sita. Sikuuliza ni cha nani. Niliogopa watanijibu."

Kelele zikapungua. Mkuu wa kilima akamuuliza yule mzee kama anataka kukichukua. Mzee alitikisa kichwa.

"Aseme tu ni cha mama yangu. Akishasema, atwangie."

Mama Yuditi akasema. Ilimbidi aseme mara mbili, kwa sababu walioketi nyuma hawakusikia. Kisha akajitwika kinu akaenda zake, na watu wakapiga makofi. Hakugeuka.

Kesho yake nilipeleka barua ya kuacha kazi. Mkurugenzi aliisoma, akaikunja mara nne, akaichomeka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

"Watu wanasema hatujawahi kucheza vizuri namna hii," akasema. "Mimi nasema tulicheza vibaya. Yule mama hakuomba kuwa mwigizaji. Utaenda Bujumbura, estaji ya miezi mitatu, ujifunze kazi sawasawa. Ukirudi, uende kwake."

Estaji ni kujifunza ukiwa kazini, na yangu ilikuwa katika ukumbi mkubwa chini ya Mkuu wa Ufundi, mama mkali aliyenifanya nikunje nyaya wiki mbili kabla ya kuniruhusu kugusa taa. Pale ndipo nilipojifunza kupanga ratiba ya msimu mzima, kuandika mkataba wa msanii, na kumwambia mwigizaji mashuhuri kwamba amechelewa. Hayo yote yananifaa hadi leo, hasa la mwisho. Niliporudi Rumonge niliongeza sehemu ya nne kwenye fishi: kilitoka wapi. Vijana niliowafundisha wamelalamika sana juu ya sehemu hiyo, kwa sababu inawalazimu kukaa, kunywa kitu na kusikiliza. Nami nimewaambia hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kwa Mama Yuditi nilikwenda kuomba radhi. Mara ya kwanza na sukari, mara ya pili na kitenge, mara ya tatu mikono mitupu, na baada ya hapo kila nilipopita Kigwena kikazi. Alinipokea mlangoni kila mara kwa salamu ya amani. "Amahoro, mwanangu. Nimesikia." Kisha anaingia ndani, mlango unarudishwa. Afadhali angenitukana.

Miaka ikaenda. Akaja Mkurugenzi wa pili, mama wa kanisa aliyefungua kila zoezi kwa sala ndefu, na Waislamu wa kundi letu wakaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Yeye ndiye aliyenipandisha kuwa Msimamizi wa Programu, na alipohamishwa nikakabidhiwa kituo, pamoja na bati lake. Nilimpata kila bosi kwa wakati niliomhitaji, jambo ambalo si kila mtu hulipata maishani. Mkiniuliza njia ya kufuata, nitawaambia msome kama mna nafasi ya kusoma, kisha mtafute mtu wa kuwakemea bila kuwafukuza.

Nilistaafu mwaka jana. Kulikuwa na hotuba, keki, na saa ya ukutani ambayo bado sijaitundika. Wiki iliyofuata nikaenda Kigwena. Mama Yuditi, ambaye siku hizi anatembea kwa shida, alikuwa mlangoni akichambua maharage.

"Uko na kundi?" akauliza.

"Hapana, mama. Nimestaafu."

"Karatasi?"

"Sina."

Akanitazama mikono yote miwili, mbele na nyuma. Kisha akasogea pembeni, nami nikaingia katika nyumba ile kwa mara ya kwanza. Akanipa kigoda jikoni, akafunga mlango nyuma yetu.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Wakati ule binti yangu wa kwanza alikuwa hajaolewa. Lakini ulikuwa kazini, ningekuambia namna gani? Ungeweka mu mchezo. Ungeleta watu wakae mu duara, mimi nakusamehe, wao wanapiga makofi."

Nilitaka kukana, lakini ningesema uongo. Mchezo huo nilikuwa nimeshaupa hata jina. Machozi yakanitoka, nami sikuyafuta.

Mama Yuditi akapakua maharage, akayaweka mbele yangu.

"Sasa hapa hakuna mutu," akasema. "Kula."