Fimbo Aliyochaguliwa Ardith

Mwaka jana Ardith alimshinda mumewe, Verlin, kuvua samaki mbele ya ziwa zima, na wivu ukamla mzee. Safari hii akamchagulia mkewe fimbo ya kuvulia ngumu kama mpini wa jembe, yeye akabaki na yenye ncha laini. Aibu gani! Chambo bandia, kile kinachovutwa kwa kushtuashtua majini, kina ndoana nyembamba; ukivuta kwa fimbo ngumu, samaki anachanika mdomo anakwenda zake.

Samaki wa tatu alipomponyoka Ardith, Verlin hakuthubutu kumtazama.

“Mikono imezeeka, baba watoto,” Ardith akasema, akimpa chambo chake cha bahati. “Jaribu wewe.”

Verlin akakifunga kwenye fimbo yake laini, akarusha. Samaki akanasa papo hapo.

Ardith akapiga makofi. “Umeona? Kumbe shida ni mimi.”