Rundo la Bi Maganda

Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita alikuwa na jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini pale shuleni hakuna aliyelitumia isipokuwa karani wa mahudhurio. Wanafunzi walimwita Bi Maganda, walimu wenzake wakamwita Bi Maganda, na mumewe nyumbani, akitaka kumchokoza, alimwita hivyo hivyo. Jina lenyewe alikuwa amelipata kihalali. Kila siku baada ya mapumziko ya saa nne alipita jikoni na ndoo yake ya bluu isiyo na mkono, akachukua maganda ya viazi na ya ndizi, majani ya chai na kabichi iliyonyauka. Mpishi naye kila siku alijifanya kumfukuza.

"Na leo tena? Si ungetuachia hata kidogo tuonje!"

"Onja tu, dada yangu, ila ya viazi usiyaguse."

Msidhani alizaliwa hivyo. Kwa miaka kumi na mmoja alifundisha mboji ya kitabuni. Alichora ubaoni tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, udongo kidogo, maji kidogo, na mchoro wake ulikuwa safi hata wakaguzi waliusifu. Kisha siku moja binti mmoja wa dawati la mbele, pengo la jino la maziwa likiwa bado halijajaa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, lako liko wapi?"

"Langu nini?"

"Rundo lako."

Darasa zima likamkodolea macho. Bi Maganda alitafuta jibu la kujiokoa nalo, akalikosa, akasema kweli kwamba hana. Aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake ya ualimu. Jioni ile ile alishika jembe, akaanza rundo nyuma ya nyumba.

Lilinuka, tena vibaya sana. Alikuwa amejaza mabichi matupu na kuyalowesha chapachapa, bila majani makavu. Jirani alikuja kuuliza kwa adabu kama paka wao amekufa. Mumewe, fundi saa mwenye maneno machache, alisimama mlangoni akiziba pua.

"Mke wangu," alisema, "huyu mume mwenza uliyeniletea hajui kuoga."

Bi Maganda alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakuliacha. Aliongeza majani makavu, akaligeuza kila wiki, na harufu ikaondoka yenyewe. Alipokwisha kujua anachokifanya, akaanzisha jingine shuleni, kwenye kona iliyo kati ya jiko na uzio, palipokuwa pakirundikwa madawati mabovu. Kwa miaka mitatu maganda ya shule nzima yaliingia pale, yakatoka udongo mweusi unaomeguka mkononi.

Alikuwa pia na tabia moja iliyowatesa watu. Mtoto akisema, "Mwalimu, nimetupa," yeye alimuuliza, "Umetupa wapi?"

"Huko."

"Huko ndiko wapi, mwanangu?"

Hakukaripia wala hakuadhibu. Aliuliza hivyo hivyo kwa upole mpaka mtoto ataje mtaro au ua wa jirani, kisha akamshika mkono wakaenda pamoja kupatazama. Wengine waliona heri wangeadhibiwa yakaisha. Mwalimu wa hesabu aliwahi kukaa na kifuniko cha chupa mfukoni kutwa nzima, akiogopa kuulizwa.

Basi ikaja barua. Ijumaa wangefika wageni wa kutafuta shule moja ya mfano, ambako walimu wa shule nyingine zote wangekuja kujifunza kutengeneza mboji, kupanda miti na kuvuna maji ya mvua. Mwalimu Mkuu, mtu mwema ila anayependa gari lake lilale kivulini, alimwita ofisini.

"Bi Maganda, wewe nakuheshimu. Wakituchagua, kona ile ni yako na sitaigusa. Wasipotuchagua, nielewe tu, pale tutaegesha magari."

Alitoka mle ofisini roho juu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Hakutaka kuagwa kwa keki wala saa ya ukutani. Saa nyumbani kwake zilijaa hadi uvunguni. Alitaka kitu kimoja tu, kwamba akishaondoka, rundo libaki, na awepo mtu mwingine wa kuligeuza.

Alhamisi aliomba ruhusa ampeleke mama mkwe wake kliniki ya macho. Na siku hiyo ndipo lilipotendeka kosa ambalo ni shule peke yake inayoweza kulitenda. Shule ikisikia neno mgeni hupandwa na wazimu. Sakafu zilisuguliwa, vioo vikafutwa kwa magazeti, mawe yakapakwa chokaa, miti ikapakwa chokaa, na mlinzi aliyesinzia karibu na miti alinusurika kidogo tu. Mwalimu wa zamu alikuwa kijana aliyehamia wiki mbili tu nyuma, ambaye watoto walikuwa wameshambatiza Chaki kwa sababu ya suruali yake isiyokosa vumbi la chaki. Alipofika nyuma ya jiko, akaona rundo la kahawia linalofuka mvuke, akashika kiuno.

"Wageni wa mazingira wanakuja kesho, na uchafu wote huu uko hapa? Darasa la sita, nisiukute."

"Mwalimu, lakini hiyo ni..."

"Sitaki maelezo. Nikirudi nisiukute!"

Mpishi, ambaye angelikinga rundo lile kwa mwiko, alikuwa ameenda sokoni.

Ijumaa asubuhi Bi Maganda alishika ndoo yake, ambayo nayo alishangaa kuikuta imeoshwa inang'aa, akazunguka nyuma ya jiko. Akapigwa na butwaa. Palikuwa pamefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, na kuzunguka ile ardhi tupu kulipangwa mawe meupe kwa ustadi mkubwa. Akakaa juu ya ndoo, akalia.

Chaki alitokea akitabasamu.

"Shikamoo, Bi Maganda. Umeona? Jana nimekusaidia kazi."

"Marahaba, mwanangu," alisema akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Umenisaidia miaka mitatu yote."

Kijana hakuelewa mpaka mpishi alipotoka na kumweleza kwa sauti iliyosikika darasa la kwanza. Akashika kichwa. Papo hapo honi ikalia getini.

Wageni walikuwa wawili, mama mwenye miwani na faili, na bwana mwenye kamera. Mwalimu Mkuu aliwazungusha kwa madaha, viatu vikimetameta, mpaka nyuma ya jiko.

"Na hapa," alisema, "ndipo lilipo rundo letu maarufu la..." Macho yake yakatua kwenye ardhi tupu.

"Liko wapi?" aliuliza mama mwenye faili.

"Tuseme tumelipeleka bustanini," Chaki alinong'ona.

"Hapana," Bi Maganda alijibu, akapiga moyo konde, akawageukia wageni. "Lilikuwa hapa. Jana limeondolewa kwa sababu tulikuwa tunawasafishia ninyi."

Mama yule aliyatazama mawe meupe, akamtazama Mwalimu Mkuu, ambaye ghafla alipata kikohozi. Bi Maganda akaomba darasa la sita waitwe. Walikuja wote arobaini na mmoja, wakajipanga vichwa chini. Mtaro ulikuwa umepita nyuma tu ya uzio, na moyoni alikwisha kulizika rundo lake mle. Hata hivyo aliuliza, maana ndivyo alivyozoea.

"Wanangu, mmetupa wapi?"

Kiranja wao, binti mrefu mwenye sauti nzito, akainua uso.

"Mwalimu, hatukutupa. Tuligawana."

"Mligawana?"

"Tuliona tukitupa, utatuuliza wapi."

Na hapo ndimi zikafunguka. Wa kwanza alisema fungu lake liko kwa bibi yake, chini ya mpapai uliogoma kukua. Mwingine alilitia kwenye sufuria bovu la mama yake, akapanda miche miwili ya nyanya. Mmoja alimpelekea shangazi, nyuma ya tangi la maji. Mmoja aliumwagia ule mti unaokauka kwenye kituo cha basi, akautilia na maji. Wa mwisho, mfupi kuliko wote, alisogea akikumbatia mkoba.

"Langu bado ninalo, mwalimu. Sisi tunakaa ghorofani."

Akafungua. Mboji ilikuwa imejaa pomoni, na daftari la hesabu limetokeza pembe moja tu. Hata Mwalimu Mkuu alicheka. Mama mwenye miwani akatia mkono ndani ya mkoba, akatoa konzi moja, akaileta puani.

"Hainuki kabisa!"

"Siku hizi anaoga," Bi Maganda alisema, akaliacha fumbo hilo bila kulifafanua.

"Basi twende tukaone," mgeni alisema akifunga faili lake. Wakatoka getini msafara mzima, wageni, watoto, mpishi na mwiko wake, Mwalimu Mkuu na viatu vyake, wakautazama mpapai wa bibi, sufuria lenye nyanya, na mti wa kituo cha basi. Bi Maganda alitembea nyuma kabisa, akilia tena, safari hii kwa furaha, wala hakujificha.

Mgeni hakuahidi lolote. Jumatatu watoto walileta kila mmoja konzi moja ya mboji ile, iwe chachu ya rundo jipya, na yule wa ghorofani akaleta mkoba wote. Aliyeomba kushika jembe la uma la kugeuzia alikuwa Chaki. Bi Maganda alimwachia.

Wiki tatu baadaye Mwalimu Mkuu alikuja akikimbia kutoka ofisini, karatasi mkononi, akiita, "Tumechaguliwa! Bi Maganda, tumechaguliwa!" Yeye alikuwa amesimama pembeni mwa ukuta wa jiko. Alimwinulia kidole anyamaze kwanza.

Kule kwenye kona, Chaki alikuwa anageuza rundo, jasho likimtiririka. Alikuta mfuko wa plastiki katikati ya majani, akauchomoa na kuurusha juu ya uzio bila kufikiri. Kitoto cha darasa la kwanza, ambacho Bi Maganda hakuwahi kukifundisha hata siku moja, kikasogea kikamtazama.

"Mwalimu, umetupa wapi?"

Chaki akachomeka jembe kwenye rundo. Kisha akampa mtoto mkono, wakaelekea getini kupatazama.