Siri ya Mugure haitoki kabla ya Ijumaa

Saa tatu asubuhi, kijijini Bahati, karibu na Nakuru. Mugure anatumbukiza kidole kwenye sufuria ya maganda ya karakara, yaani pasheni, na kuanza kuhesabu. Asipofika kumi, moto umezidi. Akipita ishirini, umepungua.

"Hii ndiyo mashine yangu," anasema. "Ya umeme iko kwa jirani."

Jirani ni Cheruto, mshindani wake. Wote wawili hutoa rangi nyekundu na viini vyenye manufaa kwa mwili kutoka kwa maganda ambayo wauza sharubati hutupa. Hawatumii spiriti wala kemikali kali. Huyaloweka kwa maji vuguvugu, glisarini ya mimea na ndimu, kisha huchuja mara mbili. Kilo kumi za maganda huwapa lita mbili.

Mugure, 43, alianza kwa kuchekwa. Miaka mitatu iliyopita, mwalimu wa chuo aitwaye Akeyo, mgeni kutoka Kisumu, aliwaambia akina mama wa hapa walete maganda ya matunda awafundishe kutoa rangi. Wenzake walileta ya maembe, ndizi na machungwa. Kwa Mugure, kama kwa wengi hapa, "matunda" ni karakara tu. Akaleta gunia zima.

"Cheruto alicheka mpaka akakaa chini," anasema. "Lakini kikombe changu kilitoka chekundu kuliko vyote. Wiki iliyofuata, nani alikuja na gunia la karakara? Yeye!"

Mwaka jana Cheruto ndiye aliyepata oda ya kiwanda kidogo cha yoghati mjini Nakuru. Akanunua sufuria ya umeme, akabandika picha yake kwenye chupa.

"Nina wivu. Andika hivyo hivyo," Mugure anasema bila kupunguza sauti. "Nikiona ile picha, chai hainishuki."

Tukiongea, Cheruto anapita nje ya ua, anachungulia.

"Mama Abby, bado unapika na kidole?"

"Mama Weldon, si hiki kidole ndicho kilikufundisha?"

"Haya, usikiunguze kabla ya Ijumaa!"

Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Kiwanda kimelalamika kuwa siku hizi rangi ya Cheruto inakuja na ubuluu, na yoghati inaonekana kama imeoza. Kimewaita wote wawili na sampuli. Mmoja atapewa oda ya mwaka mzima.

Akiikosa, Mugure atarudi kuchuma maua Naivasha, apange chumba mtaa wa Karagita huko huko kama zamani, na kumwona binti yake Abby mara moja kwa mwezi. "Mara ya mwisho nilirudi nikapata mtoto amejifunza kusuka nywele. Alifundishwa na Cheruto. Hilo nalo linaniuma."

Chanzo cha ule ubuluu anakijua. Cheruto alichimba kisima mwaka huu na sasa anatumia maji yake. Yana magadi, na magadi huigeuza rangi nyekundu. Mugure hutumia maji ya mvua kutoka kwa tangi lake.

Cheruto hajui?

"Hajaniuliza."

Na akiuliza leo?

"Nitakohoa."

Anachuja mara ya pili. Kwenye chupa rangi inang'aa, nyekundu tupu. Anaiinua juani, anatabasamu, kisha anaangalia upande wa kisima cha jirani.

"Nitamwambia, si mimi ni Mkristo? Nimepanga hata kumpelekea mtungi wa maji ya mvua, lita ishirini, niubebe mwenyewe." Anafunga chupa kwa nguvu. "Ijumaa jioni."