Shukrani za Redioni

Kwa miaka minne Deolindo Amaral alizunguka milima ya Timor na kinasa sauti begani, na sijawahi kusikia mtu aliyemwonea wivu. Malori ya kahawa yalimpandisha, farasi wa kuazima walimwangusha, na mvua ilimkuta kila mahali ambapo barabara imekatika, yaani karibu kila mahali. Alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya Dili, chumba kimoja chenye bati jipya juu ya kuta zilizoungua. Kazi yake ilikuwa kwenda kuwauliza watu wanaishije sasa, vita vimekwisha na bendera ni yao, kisha arudi na sauti zao ili watu wa ng'ambo ya mlima nao wasikie.

Na alipendwa, tusidanganyane. Mjane anayejenga upya jiko lake alimwita amsikilize akimsema fundi. Mwalimu asiye na madawati aliwaimbisha watoto wimbo mzima ili waingie hewani. Kila nyumba ilimkalisha mkekani, ikampa tambuu atafune kwanza, ikampakulia mahindi yaliyopikwa na maharage na boga, ndipo mazungumzo yaanze.

"Meno mekundu, viatu vimetoboka, mke huna," shangazi yake Aquilina alimwambia, yule aliyekuwa akiishi naye tangu wazazi wake wafariki. "Hiyo redio ni kazi au ni adhabu?"

Deolindo alicheka tu. Hakumwambia kwamba kila alipokaribishwa na watu asiowajua, alikuwa akiwafikiria watu wa kijiji kimoja tu.

Septemba ya mwaka ule wa kura ya uhuru, mji ulipochomwa moto, yeye alikuwa mwanafunzi wa miaka ishirini na miwili. Alikimbilia milimani na vijana sita ambao hata majina yao hakuyajua vizuri. Watu wa kijiji cha Lebumeta waliwapandisha darini, ndani ya nyumba ya ukoo wa Babu Abrau, mahali ambapo hata mkwe haingii. Wakakaa humo siku ishirini na mbili. Kila jioni Bibi Saturnina, mke wa Babu, aliwapitishia chungu cha mahindi ya kuchemsha. Wanamgambo waliopinga uhuru walikuja mara mbili. Mara zote mbili Babu alikaa kwenye ngazi, akatema tambuu, akawaambia huko juu wapo mababu tu, anayetaka kuwaamkia na apande. Hakupanda mtu.

Sasa, Agosti ya mwaka wa pili wa uhuru, siku ya kukumbuka ile kura, mkubwa wake wa kazi alimwomba aseme jambo lake mwenyewe. Deolindo akasema. Kwa dakika kumi alisimulia dari, mapanga ya kale yaliyotundikwa ukutani, Babu kwenye ngazi na kile chungu. Aliitaja nyumba kwa jina lake na kuishukuru mbele ya nchi nzima, na alilia kidogo. Alirudi nyumbani mwepesi, akala sahani mbili.

Novemba, Zelia, binti yake Babu Abrau, akateremka Dili na lori la kahawa, akaulizia redio mpaka akaipata.

"Kaka Deolindo, baba anakuita."

"Hajambo lakini?"

"Anaumwa. Alianza wiki ile ile uliyoongea."

"Anasemaje?"

"Yeye hasemi kitu. Watu ndio wanasema. Umetoa mambo ya ndani ya nyumba bila ruhusa ya mwenye maneno. Kaka, wewe umezaliwa Ulaya?"

Hakuzaliwa Ulaya, na hilo ndilo lililomchoma. Habari za nyumba ya ukoo zina mtu wake wa kuzisema, na akizisema asiyestahili watu huugua. Deolindo hakuwahi kurekodi habari ya ukoo wa mtu bila kumtafuta kwanza mtunza maneno wake. Miaka minne yote. Ila hii aliiona ni yake, kwa kuwa ilimtokea yeye. Akakaa pale kwenye ngazi za redio.

Shangazi Aquilina hakupoteza muda. Alimpa kitambaa cha kufuma alichokuwa amejiwekea mwenyewe, akamfungia kamba nguruwe wa kulipia faini. "Usiende mdomo mtupu," alisema. "Mdomo ndio uliokuponza."

Nguruwe hakumtisha. Alimtoa kwa moyo mweupe, na angetoa hata watatu. Kilichomtia hofu, mbali na kifo cha mzee, kilikuwa kinachofuata baada ya faini: mtu hulipa, mkeka hukunjwa, kila mmoja akashika njia yake, hakuna tena la kuulizana. Baba na mama hana. Lebumeta palikuwa mahali alipopategemea moyoni, na sasa alikuwa njiani kwenda kupamaliza.

Lori lilimshusha Maubisse. Kutoka hapo ni mwendo wa saa tano kwa miguu, na kwa nguruwe asiyetaka, saba. Alifika amechafuka kuliko mnyama wake.

Walikuwa wakimngoja. Mkeka umetandikwa mbele ya nyumba, watu kama arobaini wamekaa, na Babu Abrau katikati amejifunika blanketi, anakohoa. Deolindo akaweka tambuu, akaweka kitambaa, akamfunga nguruwe kwenye nguzo. Babu hakumtazama nguruwe.

"Hayo maneno uliyosema, unayo?"

"Ninayo, Babu."

"Tusikie."

Deolindo akabonyeza kinasa sauti. Walisikiliza yote, hakuna aliyekohoa ila mzee. Ilipofika habari ya chungu cha mahindi, Bibi Saturnina aliinuka akaenda zake jikoni. Mkanda ukaisha.

"Yale mahindi," Babu alisema. "Unajua yalikuwa yapi?"

"Ya kuchemsha, Babu."

Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Ulipolala mle darini, juu ya kichwa chako kulikuwa na nini?"

Deolindo akafikiri. Kulikuwa na mafungu ya mahindi yametundikwa na maganda yake, mengi, yameshonana. Mwanzoni ulilazimika kuinama ili upite. Mwishoni hukuinama. Alikuwa ameliona hilo kwa macho yake na hakujiuliza.

"Ya mbegu," alisema taratibu.

"Ya mbegu. Mengine tulinyang'anywa yote. Yalibaki yale ya darini kwa sababu wale wanamgambo waliogopa kupanda ngazi. Watu saba mna miaka ishirini ishirini, mnakula kama nini sijui. Askari wa kigeni wakaja kuleta amani, nyie mkateremka mnaimba, vizuri, hata sisi tulifurahi. Mvua ikaja. Hatuna punje. Mwaka ule tulikula viazi vya porini, na Zelia alikwenda kwa wakwe zake siku mbili kwa miguu kuomba mbegu ya kuanzia." Akakohoa, akapumzika. "Sasa wewe umetushukuru kwa dari. Dari lilikuwepo hata bila nyinyi."

Hakuwa amekasirika, na afadhali angekasirika. Deolindo alilia, safari hii si kidogo. Alipoweza kusema akainuka, akamfungua nguruwe, akamsogeza mpaka miguuni kwa mzee.

"Babu, nitoze. Huyu na mwingine nitaleta. Tafadhali."

"Mrudishe nguruwe wako."

Deolindo aliona giza. Kukataliwa faini ni kubaya kuliko kutozwa, maana anayekataa malipo hataki hata kuyamaliza na wewe. Alisimama na kamba mkononi, hajui aende wapi.

Ndipo Bibi Saturnina akatoka jikoni na mwiko wake.

"Wewe kaa chini. Nani amekwambia utoke? Faini wanatozwa watu wa nje. Umekula mbegu ya nyumba hii, nyumba hii ikutozeje? Ijitoze yenyewe? Wewe ni wa kugombezwa tu, na leo utagombezwa."

Akagombezwa, mama yangu. "Miaka minne," alianza Bibi. "Umekwenda Ermera, tumekusikia. Umekwenda Lospalos, tumekusikia, unakula samaki. Kila jioni tunawasha redio, huyo Deolindo yuko kwa watu. Nchi nzima inajua tunaishi wapi, njia umeisahau wewe peke yako?"

"Niliona aibu kuja mikono mitupu, Bibi."

"Kwani ulipokuja mara ya kwanza ulikuwa na nini mkononi?"

Watu wakaangua kicheko, naye Babu akacheka mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Kisha wengine wakapokea zamu. Zelia alimgombeza kwa ile safari ya siku mbili. Mama mmoja ambaye Deolindo hakumkumbuka kabisa alimgombeza kwa kutomkumbuka. Deolindo aliinamisha kichwa, akaitikia ndiyo mama, ndiyo dada, na furaha ilimjaa. Tangu mama yake afe, hakuna watu waliowahi kumkasirikia kiasi kile.

Usiniulize kama Babu alikuwa anaumwa maneno au mapafu. Najua tu kwamba jioni ile alikula uji bakuli zima, na asubuhi alitaka apelekwe shambani. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Alikaa ukingoni amejifunika, Deolindo na Bibi wakapanda, na mzee akamfundisha Deolindo habari yote kwa mpangilio wake: mafungu mangapi yalishushwa, siku ya ngapi, nani aliyetwanga, nani aliyelala na njaa. Alipokosea aliambiwa arudie.

"Sasa unaweza kuisema," Babu akamwambia siku ya nne. "Na ukishaisema, waambie wale sita wengine. Nao wana magomvi yao hapa, tunawangoja."

Deolindo alisema hivyo hivyo hewani, Jumapili, kwa majina aliyoyakumbuka: waliokula mbegu ya Lebumeta waende nyumbani wakagombezwe, mvua imeanza.

Wanne walipanda mlima kabla ya Krismasi. Wa tano hajulikani aliko mpaka leo. Wa sita alikuwa amefariki kwa malaria mwaka mmoja nyuma, na aliyefika ni mama yake, amevaa nguo nyeusi, kaja kwa miguu kutoka Same, mji wa huko huko Timor. Wenyeji walitaka wampe tambuu na kumpa pole tu. Alikataa. Alikaa mkekani mahali pa mwanawe, akawaomba wamgombeze, na Bibi Saturnina akamgombeza mpaka mwisho bila kupunguza neno. Walipomaliza, yule mama akashukuru, akauliza shamba liko upande gani.