Kumrudisha Mama Mkwe Kwenye Pikapu

Nilifunga safari kwa sababu mama mkwe wangu, Bi Tatu wa Kiwangwa, alikuwa ameapa kwamba hatapanda tena pikapu yangu, na ndoa ya binti yangu Salma ilikuwa inafungwa Ijumaa. Mke wangu Rehema aliniambia bila hata kupandisha sauti, "Mama asipokuwepo, Salma hatoki ndani. Na wewe huingii."

Bi Tatu simlaumu. Pikapu yangu ina injini ya silinda nane, ikinguruma mtaa mzima unageuka. Lakini nguvu zote zinakwenda magurudumu ya nyuma, na nyuma ni kwepesi. Mara ya mwisho, kwenye mlima wa udongo mwekundu wa kutokea shambani kwake, nilikanyaga mafuta, mkia ukaanza kurukaruka kama mbuzi aliyetiwa kamba, tukageuka ubavu, kisha tukajikuta tunatazama tulikotoka. Bi Tatu akashuka na chungu chake cha samli, akarudi kwake kwa miguu. Baadaye nilijaribu kupakia viroba vya mchanga nyuma. Vikapasuka, nikawa nasambaza mchanga njia nzima.

Jumatano asubuhi nikaondoka Bagamoyo kwenda Zinga, kwa fundi Mwanaidi, mwanamke anayesifika kwa magari ya mizigo. Karakana yake iko nyuma ya maduka, barabara ya Dar. Baada ya salamu akanitaka niondoe gari kwa nguvu kwenye mchanga, naye amechutama pembeni, anachungulia uvunguni.

"Tena," akasema.

Nikarudia.

"Basi kaka, zima! Unataka kunizika?" Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope.

Akanivua kandambili moja, akaikunja mikononi. "Ekseli ikipokea nguvu inataka kujisokota. Springi zinapinda hivi, halafu zinajinyoosha kwa hasira." Akaiachia, kandambili ikaruka. "Na tairi inaruka hivyo hivyo. Ikiwa hewani itang'ata nini?"

Dawa yake ilikuwa vyuma viwili, kimoja kila upande, vilivyofungwa kwenye ekseli na kwenda mbele chini ya springi. Kwenye ncha kuna kipande cha mpira kinachoizuia springi isipinde. Pia akabadilisha shokapu zilizochoka. Alasiri tukajaribu. Mkia haukuruka, ila gari lilikuwa gumu kama benchi. Tuta la kwanza tu nikajing'ata ulimi.

"Mpira umebana mno," Mwanaidi alisema huku akicheka. Akaupunguza kwa kisu, akaacha upenyo mdogo. Safari hii nilipokanyaga, nyuma kukainama kidogo, tairi zikashika, kofia yangu ikadondokea kiti cha nyuma. Mwanaidi akapiga kigelegele kana kwamba harusi imeanzia pale.

Alhamisi nikaamkia Kiwangwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na nilipoiacha lami, njia iliteleza kama bamia. Bi Tatu nilimkuta kibarazani anamenya muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Na lile lile, mama."

"Basi utarudi nalo peke yako."

Nikamwomba atazame tu. Nitapanda mlima peke yangu. Mkia ukitikisika hata mara moja, nitamkodia gari jingine na kumwomba radhi mbele ya ukoo. Akakubali. Majirani waliokuwa wakivuna mananasi wakaacha kazi, wakajipanga chini ya mlima. Nikasema bismillahi, nikaanza taratibu, kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, nikakanyaga. Tope liliruka kila upande, gari likapanda limenyooka kama uzi.

Niliposhuka, Bi Tatu alikuwa anajipangusa shavu. "Umenichafulia kanga," alisema. Nikanywea. "Ngoja nibadilishe. Pakieni mananasi."

Wakati wa kurudi, tulipofika katikati ya mlima ule ule, akasema, "Simama."

"Hapa, mama?"

"Hapa hapa. Kupanda kwa kasi kutoka chini hata mwizi anaweza. Ondoka ukiwa umesimama."

Kama tungeteleza, singempata tena, na Rehema sijui ningemwambia nini. Nikakanyaga polepole, nikahisi nyuma kunakaa chini, tairi zinang'ata tope, gari linasogea, linasogea, mpaka tukafika juu. Bi Tatu akaachia kishikio cha mlango. "Alhamdulillahi," akasema, kisha akaniuliza kama redio inafanya kazi.

Niliyojifunza ni haya: nguvu isiyoshika ardhi ni kelele tu, na anayetilia shaka gari lako ndiye wa kulipima.

Ijumaa, baada ya ndoa, tulipokuwa tunawapanga wageni kwenye magari, shangazi yake bwana harusi alishika mlango wa mbele wa pikapu. Bi Tatu akamwondoa mkono taratibu, kwa adabu zote za wakwe.

"Samahani mwenzangu," akamwambia. "Hapa pana mtu."